Sufi Tupu na Ua la Nyuma ya Banda

Katika mtaa ule, ukitaka kochi la kukalisha wageni wa heshima, uliambiwa nenda kwa Sufi Tupu. Jina hilo alijipa mwenyewe. Kila alipomkabidhi mteja kochi lake alilipiga kofi mgongoni, akabinua kidevu na kusema, "Sufi tupu! Bonyeza mwenyewe." Mteja alibonyeza, na kweli kidole kilizama kwenye sufi nyeupe, laini, safi, kwa sababu Sufi Tupu alijua watu hubonyeza wapi. Sufi aliitia hapo hapo, tabaka la unene wa kiganja, juu na pembeni. Kuanzia hapo kwenda chini mpaka kwenye springi alishindilia nyasi.

Na si nyasi za mahali popote, jamani. Za kando ya barabara zina miba na vumbi, za bondeni mbuzi hawaachi kitu. Nyasi ndefu, nyembamba, zisizoguswa na mnyama wala kukanyagwa na watoto wa mpira, zilikuwa mahali pamoja tu, makaburini. Mlinzi wa huko alikuwa mvivu wa kupigiwa mfano, akashukuru kupata mtu wa kumfyekea bure, wala hakuuliza swali. Mvua zikiisha, fundi wetu alikwenda na panga na magunia, kajitia uso wa mtu anayezuru wafu wake, akarudi na mzigo uliofunikwa turubai. "Usumba huu, nyuzi za makumbi ya nazi, wa kupigia chini," alimwambia mkewe. Mke alikwisha kujifunza kwamba kumuuliza mumewe habari za kazi ni sawa na kuomba hotuba, kwa hiyo aliitikia tu na kuendelea na mambo yake.

Maana Sufi Tupu alikuwa na ugonjwa mmoja mkubwa kuliko uongo wa nyasi: neno "sijui" lilikuwa halijawahi kupita mdomoni mwake. Umuulize kwa nini mwezi umezungukwa na duara, atakueleza. Umuulize habari za figo, atakueleza, na ukimwambia daktari kasema vinginevyo atamhurumia daktari. Wateja walimsikiliza kwa adabu kwa sababu makochi yao bado yalikuwa mikononi mwake.

Basi mtaa mzima ukakaa juu ya makaburi bila kujua hili wala lile. Jirani wa ukuta wa kulia, Mwalimu, mstaafu wa somo la sayansi, alijinyoosha juu ya nyasi hizo kila baada ya chakula cha mchana. Mwenye duka la dawa wa ng'ambo ya barabara, aliyeitwa na wote Mama Dawa, aliwapangia wageni zamu ya kukalia kochi lake jipya. Na mama mkwe wa Sufi Tupu, aliyehamia kwa binti yake baada ya kufiwa na mumewe, alikuwa na kiti chake peke yake sebuleni, kipana, chenye mikono ya mbao. Mkwe wake alimtengenezea mwaka uliofuata msiba, kama zawadi ya kumpoza. Siku ya kumkabidhi, fundi alijipangusa hata machozi. "Mama," alisema, "humu nimetia sufi ya kiti cha mfalme." Mama alikaa, akafumba macho, akasema ni kweli anasikia raha ambayo hajaisikia tangu azike.

Mambo yalianza kuharibika kwa sababu ya bati. Kila mwaka nyasi zilichanuliwa ndani ya banda lake la kazi, nyuma ya nyumba, mlango umefungwa. Mwaka huo bati la banda lilitoboka, ndani kukalowa, na fundi mwenye majibu ya figo na mwezi hakupata jibu la bati. Akazianika nyasi nje, nyuma ya banda, akazipiga kwa fimbo mpaka zikawa laini, akazifagia, akazificha. Alichokisahau ni kwamba nyasi zina mbegu, na zinapopigwa mbegu haziombi ruhusa ya kuanguka.

Mvua ndogo zilipokuja, mke wake alikuwa akianika nguo. Akaita, "Baba watoto, hebu njoo uone!"

Nyuma ya banda, penye udongo mwekundu usiootesha hata magugu ya maana, palikuwa na mmea wa urefu wa goti. Juu yake lilifunguka ua la zambarau iliyopauka, petali tano, kila petali na mstari mweupe katikati kana kwamba mtu kaupiga kwa chaki na rula. Mke alikuwa amechutama mbele yake, mikono magotini, anacheka peke yake.

Sufi Tupu alifika, akatazama. Alilijua ua lile. Mara zote alipofyeka makaburini alilikuta kwenye pembe moja, chini ya ukuta, wala hakujali ni juu ya kaburi la nani, na nje ya ukuta huo hakuwahi kuliona. Mtu yeyote mwenye maiti yake kule angeweza kulitambua. Na akilitambua atauliza limefikaje hapa, na akiuliza sana atalifikia banda, na akilifikia banda, jina la Sufi Tupu limekwisha.

"Magugu hayo," alisema. "Nitayang'oa."

"Thubutu!" alisema mke, na kabla ya jioni alikwisha lizungushia mawe aliyoyapaka chokaa.

Lililomtisha zaidi halikuwa mke. Mama mkwe alikuwa ameondoka kwenda kwa kijana wake, ambaye mkewe alikuwa amejifungua, ili akawasaidie kulea. Angerudi Jumamosi. Bibi yule alikwenda makaburini mara nyingi kuliko wengine waendavyo sokoni, na hakuna mtu mtaani aliyewajua wafu na majirani zao kama yeye. Lile ua lilitakiwa liwe limekufa kabla ya Jumamosi.

Akangoja mke atoke kwenda sokoni. Akachukua jembe, akatazama kulia na kushoto, akainama. Alipoliinua jembe, kichwa cha Mwalimu kilichomoza juu ya ukuta, na miwani yake.

"Unapalilia, Fundi?"

"Napalilia, Mwalimu."

"Vizuri sana. Usichimbe karibu na shina. Ongeza na mbolea."

Basi fundi akapalilia. Mwalimu hakuondoka, alikunja mikono juu ya ukuta akasimamia kazi kama zamani alivyosimamia mitihani, na Sufi Tupu, jasho likimtoka, akatifua udongo, akamwagilia, akatia samadi aliyopitishiwa juu ya ukuta kwenye ndoo. Katika maisha yake hakuna kitu alichowahi kukitunza vizuri namna ile. Ua likamshukuru kwa kutoa machipukizi mapya pande zote.

Habari zikavuka barabara. Kesho yake Mama Dawa alifunga duka, akaja na simu yake, ambayo alisema inatambua kila kitu kilichoumbwa. Mwalimu naye alikuja na kitabu kinene na kioo cha kukuzia, akapiga magoti, akaliangalia ua kwa muda mrefu huku akitoa sauti za kooni. Mke wa fundi alisimama pembeni akiwa amefunga mikono kifuani, mwenye ua lake. Sufi Tupu alisimama nyuma yao na roho yake mkononi.

"Simu inasema mchicha," alitangaza Mama Dawa.

"Simu yako haijawahi kula mchicha," alisema Mwalimu. "Piga kutoka juu."

Alipiga kutoka juu. Simu ikasema kiazi kitamu. Akapiga kutoka pembeni, mguu wa fundi ukaingia kwenye picha, simu ikasema kandambili.

"Hapo imepatia," alisema mke, na wote wakacheka isipokuwa mwenye kandambili.

"Basi tuambie wewe, Mwalimu," alisema Mama Dawa. "Ua gani hili?"

Mwalimu alifunua kitabu, akakifunga. "Ni la familia kubwa."

"Familia ipi?"

"Kubwa," alisema Mwalimu, akafuta miwani. Kisha, kama wafanyavyo watu wa namna yake wakikosa jibu, akabadilisha swali. "Jina si hoja. Hoja ni kwamba hapa si kwake. Mbegu haina miguu. Imeletwa. Inaweza kuletwa na ndege, au na maji, au ilikuwamo ndani ya kitu. Gunia, kwa mfano. Au nyasi kavu." Akageuka polepole, akaanza kuuangalia mlango wa banda.

Sufi Tupu angeweza kusema ni ndege. Ndege alikuwa amekwisha tajwa, kazi yote ilikuwa kuitikia. Lakini mtu aliyezoea kupiga chuku haridhiki na uongo wa bure aliopewa na mwenzake.

"Nimelileta mimi!" alisema. "Nililipanda mwenyewe."

Wote wakamgeukia.

"Nina mteja wangu mmoja, yuko mbali sana. Mtu mkubwa. Nilimfanyia kazi akaridhika, akaniambia, Fundi, chukua mbegu hizi, ua hili halitolewi ovyo ovyo. Linaitwa Fahari ya Sebule."

"Mbona kwangu ulisema ni magugu?" aliuliza mke.

"Nilitaka kukushtukiza. Nililiotesha kwa ajili yako."

Hilo lilimtoka bila kufikiri, na kwa mara ya kwanza uongo wake ulimwumiza mtu kabla haujajulikana kuwa uongo. Tangu waoane, mumewe alikuwa hajamletea hata tawi. Mke aliinama, akalinyoosha jiwe moja lililokuwa limekaa upande, na alipoinuka macho yalikuwa yamemlowa, ikabidi asingizie vumbi. Mume aliona. Na badala ya aibu, yule bwana alisikia fahari, akaanza kuwaeleza Mwalimu na Mama Dawa jinsi Fahari ya Sebule inavyomwagiliwa.

Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa ukiulizia mbegu. Mke aliwaeleza wote, kwenye bomba la maji, dukani, mlangoni, kwamba mumewe ni mtu wa maneno mengi lakini ana moyo, na ushahidi uko nyuma ya banda. Alivaa gauni la kutokea kwenda kuanika nguo. Sufi Tupu naye alianza kuuamini ule uongo kwa nusu. Alijiambia macho ya mama mkwe yamechoka, safari itakuwa imemchosha, atakwenda kwenye kiti chake moja kwa moja. Na akiuliza, jibu lipo, lina jina na mteja.

Mama mkwe alifika Jumamosi alasiri na mkoba wake na fimbo yake. Mkwe alimpokea mzigo.

"Shikamoo, Mama. Pole na safari. Kiti chako kinakungoja."

"Marahaba, mkwe wangu. Kwanza ninyooshe miguu."

"Miguu inyooshewe huku, Mama," alisema binti yake akimshika mkono. "Nina kitu cha kukuonyesha. Zawadi yangu."

Nyuma ya banda walikuwepo Mwalimu na Mama Dawa, waliokuja na makopo kuomba miche. Wakampisha. Mama mkwe alisogea akiinamia fimbo, huku binti yake akimsimulia habari za Fahari ya Sebule na mtu mkubwa wa mbali. Alipolifikia ua alisimama. Alimpa binti yake fimbo, akachutama kwa shida, akashika petali moja kwa ncha za vidole.

"Mama, vipi?" aliuliza binti.

"Ua hili," alisema, "baba yako alilikuta njiani, zamani, kabla hujazaliwa. Lori lake lilipata pancha, akakaa kando ya barabara, akaliona. Akaniletea mbegu zake kwenye karatasi ya sigara. Nimezipanda kwenye makopo, nimezipanda kwenye kila nyumba tuliyopanga, na hata moja haikuota. Baba yako alikuwa akinicheka. Tulipomzika, nilizichukua zote zilizobaki nikazimwaga juu yake kwa mkono wangu. Huko ndiko zilikoota. Miaka yote hii nakwenda kuliangalia, nakuta limefyekwa, nasema si kitu, litachipua. Sijawahi kuliona mahali pengine popote duniani."

Akamwinulia mkwe wake uso.

"Sasa niambie, baba. Huyo mteja wako wa mbali aliyekupa mbegu ni nani? Mume wangu?"

Mama Dawa alicheka kicheko kifupi, akajiziba mdomo.

Ilikuwa nafasi ya mwisho. Mtu mwingine angepiga magoti. Sufi Tupu alilamba midomo, akasema, "Ndege, Mama. Unajua ndege, anakula mbegu kule, anaruka, anakuja..."

"Uliniambia uliliotesha kwa ajili yangu," alisema mke wake.

Hakupaza sauti.

"Nyasi kavu," alisema Mwalimu taratibu, kama mwanafunzi aliyekumbuka jibu wakati karatasi zinakusanywa. Aliutazama mlango wa banda. Akatazama nyumbani kwake, upande wa dirisha lenye kochi. Kisha, mbele ya wanawake, akajifuta makalio kwa mikono yote miwili.

"Niletee mkasi," alisema mama mkwe.

Wakaingia sebuleni wote, na hakuna aliyemzuia yeyote. Binti alileta mkasi wa kazi, ule mkubwa wa mumewe. Mama alipiga magoti mbele ya kiti chake cha mikono ya mbao, akachoma mkasi pembeni pa mshono, akakata kitambaa mpaka mwisho. Sufi nyeupe ilitokea. Aliisukuma kando kwa kiganja, ikaisha mara moja. Chini yake akashika nyasi, akazivuta, zikatoka konzi nzima, nyembamba na kavu, na ndani yake vijumba vidogo vya mbegu vilivyokauka. Alikisugua kimoja kwa vidole. Mbegu nyeusi zikamwagika kwenye gauni lake.

Alizinusa zile nyasi kwa muda mrefu. Halafu akajishika kwenye mkono wa kiti, akainuka, akageuka, akakaa pale pale juu ya kitambaa kilichochanika na nyasi zilizotokeza. Akafumba macho, kama siku ile aliyokabidhiwa.

"Na mimi nilidhani ni wewe uliyenipoza msiba," alimwambia mkwe wake. "Kumbe ni yeye."

Majirani waliondoka bila kuaga. Mama Dawa alivuka barabara mbio mbio, yeye asiyekimbia hata mvua. Muda mfupi baadaye, upande wa Mwalimu ilisikika sauti ya kitambaa kikichanika, ndefu, bila haraka, kisha kimya, kisha sauti ya Mwalimu ikimwita mkewe aje aone. Ng'ambo ya barabara nako kukachanika. Halafu nyumba ya tatu, na ile ya pembeni, na kabla ya jua kuzama makochi yalianza kurudi kwa fundi aliyeyatengeneza. Mengine yaliletwa kwa mikokoteni, mengine vichwani, yakatupwa mbele ya uzio matumbo yakiwa nje. Hakuna aliyegombana naye. Walibwaga na kupiga makofi ya kukung'uta mikono, na mmoja tu, akiondoka, alisema, "Nyasi tupu! Bonyeza mwenyewe." Jina hilo lilimshika siku ile ile na halijamwachia.

Mke wake alikuwa nyuma ya banda. Alirudisha ndani gauni la kutokea, akavaa la kufulia, akakaa kwenye kiti kidogo mbele ya ua, mgongo kaupa nyumba. Mume alikwenda mpaka kona ya banda, akasimama hapo na maneno yake yote. Mke hakugeuka. Alisema tu, "Kashone kiti cha mama," na fundi akarudi.

Alichukua sindano ndefu na uzi wa kitani, akapiga magoti. Mama mkwe alikuwa amehamia kwenye kiti cha mezani, fimbo magotini, anamwangalia mikono. Fundi alizikusanya zile nyasi na vijumba vyake vyote, akazirudisha mahali pake, akazipapasa zikalala. Kisha, kwa mazoea, mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa sufi.

"Usitie," alisema mama mkwe. "Nishonee vilevile."

Akaurudisha mkono. Akavuta kitambaa juu ya nyasi, akaanza kushona, mshono wa karibu karibu, wa kazi nzuri, ule anaowafanyia wateja wakubwa, maana ufundi hakukosa, ni haya tu aliyokosa. Mkewe aliyepita na ndoo alishangaa kusikia nyumba ile imenyamaza na mumewe yumo ndani.

Alipofunga fundo la mwisho, mama mkwe alisimama, akakaa kwenye kiti chake, akajisogeza mpaka akapata sehemu aliyoizoea.

"Lile ua," alisema. "Lile jina ulilowaambia watu, nimelisahau. Linaitwaje hasa?"

Sufi Tupu alifunua mdomo. Ilionekana wazi kwamba majina mawili matatu yalimjia. Akameza mate.

"Sijui, Mama."

"Hata mume wangu hakulijua," alisema mama mkwe. "Lakini yeye aliniambia hivyo siku ile ile aliyolileta."